Una laki na nusu na gari la kuazima? Jinsi ya kuchagua hema la bei poa Ngara na Biharamulo

Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo, tuzungumzie kitu ambacho vijana wa huku wameanza kukiulizia sana: hema.

Tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, watu wameanza kuona kwamba kulala porini si mambo ya wazungu peke yao. Hifadhi ina ukubwa wa kilometa za mraba 4,707, tena imegusa wilaya zetu zote mbili. Kwa hiyo washkaji wanachanga hela ya mafuta, wanaazima Noah ya mjomba, wanapakia mchele, kuku na spika. Halafu mmoja anauliza, jamani, tutalala ndani ya nini? Hapo kila mtu anaangalia simu yake.

Kwa wewe uliyeko kafe na dakika zako zinakatika, muhtasari ndio huu: kama unakwenda na gari, usitoe hela nyingi kwa ajili ya hema jepesi au lenye jina kubwa. Nunua hema la kawaida lenye matabaka mawili, kisha hela inayobaki nunua turubai zuri na kamba. Na usiingize jiko la mkaa ndani hata kwa dakika moja. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mwenye muda tuendelee.

SISI SI WAGENI WA MAHEMA

Kuna watu wanadhani hema ni kitu kipya huku kwetu. Ngara? Wewe! Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, ndani ya saa 24 tu. Walipopokelewa pale Benaco, kambi iligeuka kuwa kama jiji. Baadaye zikaja nyingine, Lumasi, Lukole na kadhalika. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole iliyokuwa ya Warundi ikafungwa mwaka 2008.

Mimi sikuwepo mwaka 1994, lakini nimekua nikisikia wazee wakisimulia. Kilichokuwa kinawasitiri wale watu wengi hakikuwa hema la dukani. Kilikuwa kipande cha plastiki ngumu, fito za miti, na kamba. Turubai la UNHCR la kawaida lina mita 4 kwa 5. Katikati ni nyuzi zilizofumwa, na kila upande umepakwa plastiki, ndiyo maana halichaniki ovyo. Nyumbani kwetu lipo moja kuukuu, linatumika kuanikia maharage, na bado halipitishi maji.

Na Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga Kagera, familia zilizobomokewa huko Bukoba na Missenyi zililala nje, nyingine chini ya maturubai. Kwa hiyo mkoani kwetu kujua kusimamisha kitu kisichovuja si starehe tu. Kuna siku unaweza kukihitaji wewe na watoto.

Somo tunalolipata hapo ni dogo lakini lina maana kubwa. Kinachomfanya mtu alale mkavu ni vitu vitatu: paa lililokazwa vizuri, mteremko wa kumwaga maji, na sehemu ya juu pa kukaa. Jina la kampuni halimo kwenye orodha.

GARI LINAKUOKOLEA HELA

Mahema ya bei mbaya mara nyingi ni ghali kwa sababu ni mepesi. Yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayepanda mlima huku amebeba kila kitu mgongoni. Anayepanda Kilimanjaro ana sababu ya kulipia wepesi huo. Wewe hema lako linakaa kwenye buti la Noah. Liwe na kilo tatu au kilo saba, anayelalamika ni nani? Kwa hiyo usilipie sifa usiyoihitaji.

Gari lina faida nyingine pia. Linakinga upepo ukiliegesha upande unakotoka. Keria yake unaweza kufungia ncha moja ya turubai. Chakula kinalala ndani yake, si hemani, maana harufu ya kuku huita wageni usiowaalika. Na radi ikianza, gari la bati lililofungwa milango na vioo ndiyo sehemu salama zaidi mliyonayo. Hema halizuii radi hata kidogo. Huku kanda ya ziwa radi si hadithi, kwa hiyo ukisikia ngurumo inakaribia, ingieni garini wote mpaka ipite.

VITU VYA KUKAGUA KABLA YA KUTOA HELA

Ngara mjini na Biharamulo mjini mahema hayauzwi kila duka. Wengi wanaagiza Mwanza au Kariakoo, mzigo unakuja na basi. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Rafiki yangu aliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina kapuni. Picha ilionyesha hema la matabaka mawili, lililofika ni la tabaka moja kama mwavuli. Kumpigia simu, hapatikani. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akurekodie video ya hema lenyewe likiwa limesimama, na aonyeshe lebo yake. Akianza visingizio, achana naye.

1. Matabaka mawili. Hema zuri la bei poa lina chumba cha ndani chenye neti, halafu juu yake linakuja koti la mvua. Watu mkilala mnatoa unyevu kwa kupumua usiku kucha. Kwenye hema la tabaka moja unyevu huo unaganda ukutani na kuwadondokea. Asubuhi mnasema hema limevuja, kumbe mmejinyeshea wenyewe. Angalia pia koti linafika wapi. Kuna makoti yanaishia kileleni tu kama kofia ya baraghashia. Hayo ni ya kiangazi. Mvua ya upepo ikija, maji yanaingia ubavuni. Tafuta koti linaloshuka karibu na ardhi.

2. Namba ya maji. Kwenye lebo utakuta namba kama 1,000 mm, 1,500 mm au 2,000 mm. Maana yake ni hii: chukulia umesimamisha bomba juu ya kitambaa, ukalijaza maji mpaka urefu wa mita moja. Kitambaa kikivumilia hapo bila kuvuja, kina 1,000 mm. Kwa mvua za Kagera mimi nasema paa lisipungue 1,500. Sakafu iwe na zaidi ya hapo, 2,000 au 3,000, kwa sababu goti lako linabonyeza maji kuliko tone la mvua linavyobonyeza. Lebo isiyo na namba, ila imeandikwa tu kwamba haipitishi maji, usiiamini. Maneno matupu hayana milimita.

3. Mishono. Maji hayapendi kupita kwenye kitambaa, yanapenda kupita kwenye matundu ya sindano. Geuza koti la mvua, angalia kwa ndani. Kama juu ya mishono kuna utepe mwembamba unaong'aa uliogandishwa, hilo limefikiriwa. Kama huoni kitu ila uzi, jua litavuja hapo hapo. Kusugua nta ya mshumaa kwenye mishono husaidia, ila kwa muda tu.

4. Sakafu. Iwe ngumu kama ile ya mfuko wa salfeti, na ipande ukutani angalau kwa upana wa kiganja, kama beseni. Hema ambalo mshono wa sakafu uko chini kabisa, mvua ikitiririka mnaogelea.

5. Fito. Za hema la bei poa ni za faibagilasi. Ni sawa tu, ila hupasuka, na vijiti vyake vikikuchoma kidoleni utajuta. Zikague moja moja kama zina nyufa karibu na viungio. Beba tepu pana na kipande cha bomba dogo la chuma. Fito ikivunjika unaivisha bomba kama mguu uliofungwa bandeji, maisha yanaendelea.

6. Neti na zipu. Kagera ni kati ya mikoa inayosumbuliwa na malaria, hapa hakuna utani. Matundu ya neti yawe madogo, na neti ifunge dirisha na mlango wote. Fungua na ufunge zipu mara kumi hapo hapo dukani, hasa kwenye kona. Zipu ikigoma mchana mbele ya muuzaji, usiku wa giza itakuwaje?

7. Kitambaa. Utakutana zaidi na poliesta na naironi. Kwa sisi poliesta ni bora. Naironi ikilowa hulegea na kubonyea, halafu jua huichakaza mapema zaidi. Ngara iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua letu halina huruma. Hata hilo la poliesta, ukiamka lianue, usiliache linaungua mchana kutwa. La mtumba linuse na ulipapase. Kama ndani linanata kama peremende, linatoa unga au lina harufu ya uchachu, tabaka la kuzuia maji limeshakufa. Usinunue hata kwa bei ya kutupa.

8. Ukubwa. Wakisema hema la watu 4, wamehesabu kila mtu sentimita 50 au 60, mmebanana kama dagaa. Tumia magodoro kupima. Godoro la futi mbili na nusu kwa sita lina upana wa kama sentimita 75. Hema la upana wa mita 2.1 linachukua magodoro mawili ya hivyo, na nafasi ya mabegi inabaki. Kwa hiyo hema la watu 4 ni la watu 2 wenye amani, au 3 wanaopendana.

9. Rangi. Hapa msicheke. Maeneo ya Burigi na Biharamulo yana mbung'o, na mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa mahema mengi ya bei poa ni ya nini? Bluu! Ukipata kijani, kijivu au rangi ya udongo, chukua hilo. Ila epuka kabisa yale ya mabaka mabaka kama sare za jeshi. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare zao kuyasalimisha. Mimi siwezi kubishana kama hema ni vazi au si vazi, tena kwenye wilaya iliyopakana na Rwanda na Burundi. Usinunue maswali kwa hela yako mwenyewe.

LAKI NA NUSU IGAWE HIVI

Bei zinabadilika kila siku, kwa hiyo nawapa uwiano. Theluthi mbili ya hela, yaani kama laki moja, iende kwenye hema. Theluthi moja iende kwenye turubai la plastiki, kamba za kutosha na vigingi vya chuma. Vigingi vinavyokuja na hema la bei poa ni vijiti vyembamba, ukivipiga kwenye udongo wetu wa changarawe vinapinda kama msumari wa zamani. Fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kukukatia vipande vya nondo ya milimita 8, urefu wa futi moja, akakunja kichwa.

Kwa nini nang'ang'ania turubai? Kwa sababu hema la bei poa peke yake linahimili manyunyu. Hema la bei poa chini ya turubai lililofungwa vizuri linahimili mvua ya Aprili. Na turubai moja linafaa mambo mengi: jiko la nje, kivuli cha mchana, mahali pa kukaa mkipiga stori wakati mvua inanyesha.

Namna ya kulifunga:

- Upande mmoja uwe juu, mwingine chini, ili maji yatiririke. Likiwa bapa, maji yanajaa katikati na kuwaangukia usiku wa manane.
- Liache nafasi ya kama nusu mita juu ya hema ili upepo upite katikati. Likigusana na hema, unyevu unarudi.
- Upande wa chini usielekee mlangoni.
- Kamba ya katani ikilowa hujivuta, ya naironi ikilowa hulegea. Ya katani iachie ulegevu kidogo, ya naironi amka uikaze.
- Ukitandika plastiki chini ya hema, isitokeze nje ya sakafu hata kidogo. Ikitokeza inakusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya magodoro yenu.
- Ukilifunga kwenye keria, funguo za gari akae nazo mtu anayejua. Kuna watu huamka kwenda kununua sigara na kuondoka na paa la wenzao.

KINACHOUA SI MVUA

Naomba hapa hata mwenye haraka asome. Ngara usiku ni baridi, hasa Juni hadi Agosti, na huo ndio msimu wa kiangazi ambao watu wengi wanatoka. Mtu akisikia baridi, akili yake inakwenda kwenye jiko la mkaa. "Tuliingize dakika mbili tu, lipashe joto, halafu tulitoe."

Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ukiivuta inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, na usingizi mzito. Tatizo ni kwamba mtu aliyechoka safari akisikia usingizi haoni kama ni dalili, anaona ni usingizi. Analala, na haamki. Kila mwaka tunasikia habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko pembeni. Hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo kuliko vyote.

Mkaa ulioonekana kuzimika, wenye majivu juu, bado unatoa gesi hiyo hiyo. Kufungua dirisha la hema si dawa. Moshi wa gari nao una gesi hiyo, kwa hiyo msiwashe injini ili muchaji simu huku bomba la moshi limeelekea hemani, na msilale garini injini ikiwa inanguruma. Mwenzako akilalamika kichwa, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye, kisha mpelekeni hospitali.

Joto litafutwe kwa njia nyingine. Baridi kubwa inatoka ardhini, kwa hiyo weka godoro na blanketi chini yako kabla ya kuongeza juu. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi, lala nayo miguuni. Utanishukuru.

UTALISIMAMISHA WAPI?

Ndani ya hifadhi ni kwenye kambi zilizotengwa tu, na unalipia TANAPA kwa kontroo namba. Kule kuna nyati, tembo, na ziwa Burigi lina viboko, kwa hiyo askari akikuambia hapa hapana, usibishe. Njia iliyolainika majani kuelekea ziwani si sehemu nzuri ya hema. Hiyo ni barabara ya kiboko, na usiku anaitumia.

Kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji kabla jua halijazama. Salimia vizuri, jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema mnalala siku ngapi. Mzee akikuonyesha mahali, huyo ni mlinzi wako. Mkijificha vichakani karibu na mpaka na gari la namba ngeni, mtaamshwa na tochi, na mtakuwa mmejitakia. Kando ya barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo usilale kabisa, malori hayalali.

Kiwanja kiwe juu kidogo, si bondeni. Angalia juu yako kama kuna tawi kavu. Angalia chini kama kuna njia ya siafu. Na kama mko mjini na gesti ipo, jamani, laleni gesti. Hema ni la mahali ambapo gesti haipo.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni kama Septemba hadi Desemba. Kama ndiyo mara ya kwanza, nendeni Juni au Julai. Na kabla ya safari lisimamisheni nyumbani, limwagieni ndoo tano za maji, mmoja akiwa ndani. Kama lina tundu, bora mlijue mkiwa karibu na kitanda.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hema lake alilolitumia huku aseme hapo chini limedumu muda gani na amelinunua wapi. Mafundi maturubai nao tunawakaribisha. Kukosoa ruksa, matusi hapana.